Salamu Nilizozikata

Kwa miaka mitatu mamangu alikuwa akiumwa kila Jumanne saa nne asubuhi, katika chumba cha kompyuta cha chuo chetu, huku wanafunzi thelathini wakimuuliza kwa pamoja ana nini. Mara alikuwa na kizunguzungu. Mara kifua kilimbana, au miguu ilimvimba, au alikuwa ameacha tembe zake za presha wiki nzima na sasa kisogo chamgonga. Wakati huohuo mwenyewe alikuwa nyumbani kwake Mji wa Kale, mzima, akichambua mchele na kuwatia ila majirani. Iliyokuwa chuoni ni sauti yake tu.

Mimi ni mwalimu wa famasia. Nafundisha vijana ambao baadaye watasimama nyuma ya kaunta za hospitali na za maduka ya dawa. Jambo la kwanza ninalowaambia, kabla ya kuwatajia jina la dawa yoyote, ni kwamba dawa haitoki mkononi mwako mpaka ujue inakwenda kutibu nini. Nimelirudia hilo hata wananiigiza nikiwapa mgongo. "Ya nini?" wanaulizana wakipeana kipande cha mkate, na mimi hujitia hamnazo.

Shida yetu ilikuwa wagonjwa. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko kaunta, na hospitali zilishachoka kuona vijana kumi wenye makoti meupe wakimzingira mzee mmoja mwenye kikohozi. Basi vyuo vikuu vitatu vikaungana, chetu hapa kisiwani, kimoja cha bara na kimoja cha ng'ambo, vitengeneze programu ya kompyuta ya kumfundisha mwanafunzi kumhoji mgonjwa. Kwenye kioo anatokea mgonjwa aliyechorwa, ameketi kitini. Mwanafunzi anachagua maswali, mgonjwa anamjibu kwa sauti, na mwisho kompyuta inatoa alama. Wa ng'ambo walikuwa mabingwa wa kompyuta. Wa bara walishika upande wa sayansi, jinsi dawa inavyoingia mwilini na inavyotoka. Mimi nikapewa kuwaandika wagonjwa wa pwani kwa sababu, walisema, nawajua watu wangu. Maneno hayo yalinipendeza mno. Siku hiyohiyo nilimpigia mamangu simu nikamsimulia mara mbili.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwanamke wa umri wa mamangu, mwenye presha. Kwa sauti tulimjaribu mwenzangu wa ofisini, mama mwema kutoka bara, lakini alisoma kama anayetangaza taarifa ya habari. Nikakata shauri la kumtumia mamangu. Tulirekodia katika chumba chake cha juu, godoro tumeliegemeza dirishani kuzuia kelele za tuktuk na za seremala wa nyumba ya pili. Nikakaa mbele yake na karatasi zangu.

"Mama, mimi nitakuuliza una tatizo gani, nawe useme kichwa chaniuma tangu jana."

Akanitazama. "Mtu aniingilia tu hivyo? Hakunisalimu, hakuniuliza wa nyumbani, nami nimpe ugonjwa wangu?"

"Mama, hii ni kompyuta."

"Hata ikiwa kompyuta. Haina wazee?"

Kwetu ndivyo kulivyo. Mtu akikuuliza hali mara ya kwanza, amekuuliza kwa adabu, na wewe humjibu kwa adabu: sijambo, alhamdulillahi, hata kama umeshika ukuta usianguke. Akikuuliza tena, mnapeana habari za watoto na za wazee. Ni mara ya tatu, mkishamaliza watu wa nyumba zote mbili, ndipo sauti inaposhuka na mtu akasema, "Lakini mwanangu, pana kitu kidogo." Hicho kitu kidogo ndicho ugonjwa. Anayekulia katika mitaa ile anayajua haya bila kufundishwa, na mimi nilikulia humo.

Kwa hiyo nilisalimu amri. Kabla ya kila jibu ilinibidi nimuulize hali, nimuulize watoto, nimuulize hali tena, na yeye ajibu yote hayo kwa ukamilifu kabla ya kunipa maumivu niliyomwandikia. Kazi ya siku moja ikala siku nne. Naye akaionea raha. Alitia leso mpya kila asubuhi kana kwamba wanafunzi watamwona.

"Na huyu mgonjwa wako ana mume?" aliniuliza siku ya pili.

"Sikuandika, mama."

"Basi ni mjane. Ndiyo presha ikapanda, hana wa kuteta naye." Yeye mwenyewe alikuwa mjane wa miaka mingi, na akacheka mpaka kifaa cha kurekodia kikawaka taa nyekundu.

Mkutano wa kuikagua kazi ulifanyika Kizingo, katika nyumba kubwa ya wageni yenye miti uani, ambako kila mtu alifika kwa gari isipokuwa mimi. Mwenzetu wa ng'ambo alikuwa bwana mpole, msikivu, ambaye hata leo sina neno baya la kumsema. Alifungua kompyuta na sauti ya mamangu ikajaa chumbani: "Sijambo, alhamdulillahi, mwanangu. Na wewe? Na nyumbani?" Watu wakatabasamu. Nikaona haya, na nitasema baadaye ni haya ya namna gani.

Kisha bwana yule akatuonyesha shida ilipo. Kompyuta ililihesabu jibu la kwanza kuwa ndilo jibu. Mwanafunzi akiuliza una tatizo gani, mamangu akasema sijambo, alhamdulillahi, kompyuta iliandika kwamba mgonjwa hana tatizo na kufunga ukurasa. Kuirekebisha ifahamu kwamba "sijambo" si jibu kungechukua miezi. "Ni nzuri kusikiliza," alisema, "lakini inamrefushia mwanafunzi kazi." Mwalimu wa bara akaongeza kwamba wanafunzi wake wasingekuwa na subira hiyo, wangedhani programu imekwama. Halafu wote wakanigeukia mimi ninayewajua watu wangu.

Pale ndipo palipokuwa mahali pangu. Nilipaswa kuwaambia kwamba hilo wanalotaka kulitoa ndilo somo lenyewe. Kwamba huku kwetu anayekubali jibu la kwanza hajauliza bado. Ningeweza kusema tungoje hiyo miezi. Nilikuwa na maneno yote, Kiswahili chake na Kiingereza chake.

Nikasema, "Sawa. Nitazikata."

Ile haya niliyoiona ilikuwa ya namna hii. Nilisikia sauti ya mamangu katika chumba kile cha Kizingo, kati ya watu waliokuwa na safari ya ndege jioni, na kwa mara ya kwanza maishani nikaisikia kuwa ndefu. Nikaona kama ni mimi ninayewachelewesha. Nimesoma, nimefundisha, nimesimama mbele ya watu wazima na shahada zao, na bado nilitaka bwana yule aseme kwamba kazi yangu ni safi. Sina kisingizio kizuri zaidi ya hicho.

Nilizikata kwa mkono wangu, siku tatu, mlango wa ofisi nimeufunga. Nilikuwa nasikiliza, natia alama pale alhamdulillahi inapoanzia na pale inapokomea, nakata, naacha "Kichwa chaniuma." Nasikiliza, nakata "Na wajukuu zangu hawajambo?", naacha "Mkono wafa ganzi." Kompyuta ya ofisi ilikuwa imejaa na ikawa inakataa kuhifadhi, basi salamu zote nikazitia kwenye pipa la takataka lililomo humo kompyutani, nikalimwaga pipa. Nakumbuka nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyemaliza kufagia ua. Jioni ukaja ujumbe kutoka ng'ambo: kazi safi, shukrani nyingi.

Wanafunzi walitia fora. Sijapata kuona alama kama zile. Walijua maswali yote kwa mpangilio, kichwa, kizunguzungu, ganzi, dawa nyingine unazotumia, na mamangu aliwajibu papo kwa papo. Mwaka wa pili nilifanya mtihani wa ana kwa ana, mimi nikijifanya mgonjwa. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, una tatizo gani leo?" Nikamjibu kwa mazoea, "Sijambo, alhamdulillahi." Akaandika hana tatizo na kwenda swali la pili. Nilicheka. Darasa zima lilicheka, na mimi nikampa alama zake, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha.

Ilikuwa Jumatano. Mimi nakaa mtaa wa Buxton, hapahapa kisiwani, na kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nampigia mamangu simu. Asubuhi ile nilichelewa. Tulikuwa na mkutano wa mtandaoni wa vyuo vyote vitatu, na zamu ya kuzungumza ilikuwa yangu. Nilikuwa nieleze jinsi wanafunzi wetu walivyobobea katika kumhoji mgonjwa.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Na wewe?"

"Sijambo. Nakimbilia mkutano, tutazungumza baadaye."

"Haya, mwanangu," alisema. Nikakata simu.

Tangu alfajiri mkono wake wa kulia ulikuwa umelala. Jirani alikuja kunieleza kwamba alimwona akiangusha kikombe, akakiokota kwa mkono wa kushoto, na akasema si kitu. Saa tano hivi alikwenda duka la dawa la mtaani kuchukua tembe zake za presha, na nyuma ya kaunta alimkuta binti niliyemfundisha mwenyewe, mmoja wa waliofaulu vizuri zaidi. Yaliyotokea pale nimeyapata kwake yeye binti, maana hakunificha.

Alimuuliza yote. "Bibi, una tatizo lolote leo?" Mamangu akasema mzima, alhamdulillahi. "Kichwa hakikuumi?" Alhamdulillahi. "Husikii kizunguzungu, au ganzi mkononi?" Alhamdulillahi, mwanangu. Akamfungia dawa, akamweleza namna ya kuzitumia, akamtakia siku njema.

"Lakini hakuondoka, Mwalimu," binti aliniambia. "Alisimama pale kaunta kitambo. Nilidhani anapumzika, kuna jua kali. Nikamhudumia mtu mwingine."

Hakuwa anapumzika. Alikuwa anangoja aulizwe wa nyumbani. Alikuwa anangoja ile mara ya tatu apate mahali pa kukitua kitu chake kidogo, na hakuna aliyempa. Akachukua bahasha yake ya dawa akaenda zake. Alianguka ukumbini kwake baada ya adhuhuri, mchele ukamwagika sakafuni, na jirani aliyesikia sinia ndiye aliyeniita.

Daktari alisema ni kiharusi. Alisema pia, nami nilijua kabla hajasema, kwamba angeletwa asubuhi ganzi ilipoanza huenda ingekuwa habari nyingine. Upande wa kulia ulipooza. Ulimi nao ukaenda. Siku ya tano akafumbua kinywa, nikamwinamia, na neno lililotoka lilikuwa alhamdulillahi. Nililia kwa furaha. Sikujua kwamba ndilo lililobaki peke yake. Daktari alinieleza kwamba hutokea hivyo. Maneno ambayo mtu ameyasema maisha yake yote bila kuyafikiria, wakati mwingine huponea pale ambapo mengine yote yamepotea.

Binti yule alikuja hospitali. Alisimama mlangoni na koti lake jeupe bado analo, hakuthubutu kuingia.

"Mwalimu, nilimuuliza yote."

"Najua."

"Nilifuata kama tulivyofunzwa."

"Najua, mwanangu. Ungekuwa mtihani ungepata zote."

Sikumwambia kwa ubaya, lakini alilia. Ningemwambia nini? Kwamba kulikuwa na somo nikalimwaga? Kwamba mimi, mtoto wa kuzaliwa na mamangu, nilimuuliza mara moja tu kwa simu, nikaridhika na jibu lilelile aliloridhika nalo binti? Yeye alau aliuliza mara tatu.

Nimehamia Mji wa Kale sasa. Namwogesha, namlisha uji, namgeuza ubavu. Kichwani yumo, hilo nalijua, kwa kuwa nikiweka leso isiyolingana na kanzu huisukuma kwa mkono mzima. Lakini sipati kujua pa kumsaidia. Mama, wasikia njaa? Alhamdulillahi. Mama, mto uko juu sana? Alhamdulillahi. Kuna siku uso wake wote unakunjamana, jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu, ninamshika bega na kumuuliza ni wapi, ni wapi, na yeye ananitazama kwa huruma na kunijibu kwamba hajambo. Akipeleka mkono kuonyesha, unakwenda popote. Nimewahi kutoka chumbani nikapiga ukuta kwa ngumi, na ukuta wa nyumba za huku ni mawe.

Kisha barua pepe ikaja kwamba mradi umefika mwisho. Wafadhili wamemaliza muda wao, chuo cha ng'ambo kitaizima seva, na kila mshirika achukue anachokihitaji. Walitushukuru kwa ushirikiano. Sikujali programu. Nilichukua sauti za mamangu tu, nikaziweka kwenye laptopu yangu, nikajifungia jikoni nizisikilize.

Alikuwamo humo na ulimi wake wote. Kichwa chaniuma tangu jana. Kifua chanibana nikipanda ngazi. Mkono wafa ganzi. Miguu yaniwaka moto usiku. Nilisikiliza moja baada ya nyingine, nikingoja mahali atakapocheka, atakaponiuliza habari, atakaponiita mwanangu, na hapakuwapo. Nilikuwa nimefanya kazi safi kwelikweli. Nilimwandikia yule bwana mpole kumuuliza kama walibaki na nakala za mwanzo. Alijibu siku hiyohiyo, akanipa pole nyingi, na kusema kwamba walipokea nakala yangu iliyosafishwa wakafuta ile ndefu, kama nilivyoagiza. Nilikuwa nimeagiza. Nilitafuta nikaiona barua yangu mwenyewe.

Wiki iliyopita, baada ya alasiri, uso wake ukakunjamana tena, vibaya kuliko siku zote. Nikapata wazo. Nikaleta laptopu, nikaiweka juu ya stuli kando ya kitanda. Nilijiambia nitamchezea maumivu yake moja moja kwa sauti yake mwenyewe, na atakaposikia lililo lake ataitika, atafumba jicho, atafanya chochote. Miaka mitatu tulimtumia kuwafunza watu wengine, angalau mara hii moja programu ingemfaa yeye.

"Kichwa chaniuma tangu jana," ilisema kompyuta.

Akageuza shingo. Akatazama mlangoni, kisha stuli. Kwa mkono wa kushoto, polepole, akaivuta leso hadi kichwani, akaiweka sawa kwenye paji la uso. Alidhani tumepata mgeni. Akangoja.

"Kifua chanibana," ilisema kompyuta. "Mkono wafa ganzi."

Nikamwona akikunja uso kwa namna nyingine, ile aliyokuwa akinikunjia utotoni nikiingia barazani mbele za watu bila kuamkia. Alikuwa anamshangaa huyu mwanamke asiye na adabu, aliyeingia nyumbani kwa watu na kuanza kumwaga maradhi yake kabla ya salamu. Hata hivyo mwenye nyumba ni mwenye nyumba. "Alhamdulillahi," alimjibu, kwa upole kabisa, ili kumkumbusha.

Niliifunga laptopu. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaushika mkono wake, nikaanza upya kama ilivyopaswa kuanzwa. Nikamwamkia. Nikamuuliza hali. Alhamdulillahi. Nikamuuliza wa nyumbani, wajukuu, majirani, nikamtaja kila mmoja, na kila mmoja alikuwa alhamdulillahi. Nikamuuliza hali mara ya tatu. Macho yake yakaja juu yangu, kinywa kikafunguka, na midomo ikajikusanya kama inayotafuta pa kuanzia. Nilingoja kama ambavyo sikungoja Jumatano ile kwenye simu.

"Alhamdulillahi," alisema, na machozi yakamtoka.

Nikainuka nikaenda kabatini. Nimewafundisha vijana wa watu miaka yote hii kwamba dawa haitoki mkononi mwako mpaka ujue inakwenda kutibu nini. Nilichukua tembe mbili za maumivu, nikazisaga kwenye kijiko cha uji, nikamlisha, na mpaka leo sijui ni maumivu ya wapi.